Mdomo wa Daktari wa Uchumi

Alipofika Isiolo mara ya kwanza, watu walimletea mbuzi wagonjwa. Tulikuwa tumetangaza msikitini na sokoni kwamba amekuja daktari kutoka Afrika Magharibi kusoma habari za mifugo, na hakuna aliyefikiria kwamba kuna daktari asiyejua kudunga sindano. Kila asubuhi nje ya nyumba aliyopanga mtaa wa Wabera kulikuwa na mtu na mbuzi anayekohoa. Mimi ndiye niliyetoka kuwaeleza kwamba huyu ni daktari wa uchumi, anashughulika na bei. Mzee mmoja akaniuliza kama kuna mahali popote alipopita ambapo bei imepona. Nikamtafsiria Daktari swali lile. Hakucheka. Alilifikiria kidogo, kisha akasema nimwambie bado.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimerudi nyumbani na digrii ya uchumi ambayo haikuwa imenipa kazi yoyote. Babu yangu upande wa baba aliletwa huku na jeshi la mkoloni, akaachwa huku jeshi lilipomalizana naye, na watoto wake wakawa watu wa maduka na malori. Mama yangu ni Mborana wa upande wa Kinna. Kwa hiyo nilikua na Kisomali cha baba, Kiborana cha mama, Kiswahili cha barabarani na Kiingereza cha shule, na shirika lililomleta Daktari lilikuwa linatafuta mtu wa aina hiyo. Digrii yangu hawakuiuliza sana. Niliajiriwa kwa ajili ya mdomo.

Alikuwa mwanamume mrefu, mkimya, anayekaribia miaka arobaini na mitano. Kwao ni nchi kavu kama yetu, na ukoo wake ni watu wa ng'ombe. Alisoma kwa Kifaransa tangu utotoni, kwa hiyo Kiingereza chake kilitembea polepole, na Kiswahili alijifunza kwangu na kwa wauza nyama. Alisema "ng'ombe yake iko mingi" na hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu nusu ya mji inasema hivyohivyo. Swala ya Ijumaa alikuwa safu ya kwanza. Mama alimpenda kwa sababu alimaliza mikate yote ya anjera iliyowekwa mbele yake na kuomba mingine.

Tulizunguka vijijini miaka miwili. Gotu, Kinna, Rapsu, kisha tunarudi tena Gotu. Swali lake lilikuwa moja tu: kwa nini mfugaji huuza ng'ombe wakati amebaki mifupa, asimuuze akiwa bado ana nyama? Mwanzoni nilidhani ni swali la vitabuni. Siku moja tulikuwa Rapsu, tumekaa kando ya mfereji tukitazama maji yakiingia kwenye vitunguu vya mtu, akaniambia habari za baba yake. Ukame ulikuja, majirani wakamshauri auze, akakataa. Alipokubali hakukuwa na cha kuuza. Akahamia mji mkuu wa nchi yao, akawa mlinzi wa ghala la mchele, akafa akiwa mlinzi. Daktari alikuwa darasani siku alipoletewa habari hiyo. Alinieleza bila kunitazama, na alipomaliza aliniuliza vitunguu vile vinachukua siku ngapi kukomaa.

Mwaka wa pili dalili za kiangazi zilionekana mapema. Daktari alikuwa na takwimu zake, na wafugaji walikuwa na macho yao, na safari hiyo wote waliona kitu kimoja. Tukaitisha mkutano Gotu. Tulikutania katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yao juu. Mbele kabisa alikaa mwanamke mmoja mjane, wa makamo wakati huo, ambaye kila mtu alimwita Akko, yaani nyanya, kwa sababu alikuwa amelea watoto wa ndugu zake wote. Alikuwa na ng'ombe tisa. Gotu walikuwa wanamsikiliza. Akiuza, wengine watauza.

Daktari alieleza kwa utulivu, kama kawaida yake. Alisema bei ya sasa bado ni nzuri, kwamba baada ya miezi miwili haitakuwa hivyo, kwamba yeye angekuwa na ng'ombe angeuza sehemu na kubaki na wachache wa mbegu. Mimi nikayasema kwa Kiborana. Nikayasema vizuri zaidi yake, najua hivyo, kwa sababu niliona nyuso zikifunguka. Nilikuwa nimemwamini. Akko akaniuliza, "Na tukifika Isiolo tukute soko limejaa?"

Ilinipasa nigeuke, nimtafsirie Daktari swali, ningoje jibu. Sikugeuka. Nikamjibu mwenyewe, "Soko litawangoja."

Maneno hayo Daktari hakuyasema. Hata hakujua yamesemwa. Yalikuwa yangu, yametoka kwa msichana aliyefurahi kwamba watu wazima wanamsikiliza.

Walishuka Isiolo wiki iliyofuata, familia nyingi, na Akko akiwa na ng'ombe saba kati ya wale tisa. Siku ya pili baada ya kufika, ugonjwa wa miguu na midomo ulitangazwa mahali fulani upande wa kaskazini, na karantini ikawekwa. Hakuna ng'ombe anayeuzwa, hakuna anayepakiwa kwenye lori, na waliokuwa sokoni wasirudishwe walikotoka wasije wakaeneza ugonjwa. Ng'ombe wa Gotu hawakuwa wagonjwa. Walifungiwa tu, kwenye uwanja usio na jani hata moja.

Sikuwahi kumwona mtu akihangaika vile. Daktari alikwenda kila ofisi, nami nyuma yake. Kila ofisa alitukaribisha, alitupa viti, alikubali kwamba jambo hili ni zito, na alisema sahihi iko juu. Tukienda juu, tuliambiwa mwenye sahihi yuko Nairobi. Alinunua marobota ya nyasi kutoka upande wa Timau kwa pesa zake mwenyewe, lakini nyasi ya lori moja kwa ng'ombe wale ni kama kumpa mtu mwenye njaa harufu ya nyama. Katikati ya wiki ya pili wakaanza kulala chini na kutoinuka. Akko alikuwa anawashika mkia na kuwainua, mmoja baada ya mwingine, mimi nikimsaidia, na hakunilaumu kwa neno hata moja. Hilo ndilo lililoniumiza. Angenitukana ningelala.

Karantini ilipoondolewa, kati ya saba alikuwa na wawili, na hao hakuna aliyewataka. Aliwaswaga kurudi Gotu kwa miguu.

Asubuhi Akko alipoondoka, Daktari alikaa kwenye ukingo wa birika la kunyweshea mifugo, suruali imejaa vumbi. Akaniambia, "Dada, najua kila kitu kuhusu mlango huu isipokuwa kuufungua." Kisha akasema atarudi kwao, atafute kiti, akae upande ule wa meza wenye kalamu. Nilimwambia ataweza. Mwezi uliofuata akaondoka, na watu wa Wabera walimsindikiza vizuri, mama akimfungia nyirinyiri, nyama iliyokaushwa kwa mafuta, kwenye mkebe.

Mengine niliyafuata kwa simu. Alinitumia picha akiwa amevaa joho pana la buluu, amesimama nyuma ya pikapu, watu wamemzunguka. Alishinda ubunge wa nyumbani kwao. Baada ya miaka mitatu akafanywa waziri wa biashara. Siku hiyo mama aliwaita majirani wanywe chai, akawaambia yule mgeni aliyekula anjera zake amekuwa mtu mkubwa, na jirani mmoja akauliza kama sasa ameanza kutibu mbuzi.

Mimi nilipata kazi katika ofisi ya mipango ya kaunti. Niliandika mipango. Ukame mmoja ulipita, mwingine ukaja, na kila mara tuliketi katika ukumbi uleule, tukanywa maji ya chupa, tukasema tatizo ni lilelile. Nikaolewa, nikazaa wawili. Sokoni nilikutana na wanawake wa Gotu wakiuza maziwa. Walinisalimu vizuri kabisa, wakauliza habari za mama, za watoto. Ila hakuna aliyeniuliza tena jambo lolote la mifugo. Nikianza kuzungumza bei, mazungumzo yalihamia kwenye watoto. Nilizoea. Mtu huzoea kiatu kinachobana.

Daktari alipiga simu kila Idd. Miaka ya mwanzo alikuwa na maneno mengi: barabara hii, sheria ile, machinjio mapya. Baadaye alisalimu tu na kuomba dua. Mwaka fulani nikasoma kwenye simu, nikiwa ofisini, kwamba nchi yao imefunga masoko yote ya mifugo ya mpakani kwa sababu za usalama, na agizo limetoka wizara ya biashara. Nilisoma mara mbili. Sikumwandikia. Kwenye uchaguzi uliofuata wafugaji wa kwao walimnyima kura, na Idd hiyo hakupiga.

Mwaka jana, wanaume watatu wa mtaa wetu walikuja nyumbani baada ya swala ya alasiri. Walitaka nisimame kiti cha wadi ya Wabera. Walisema nimesoma, ninajulikana, na kwa sababu damu yangu imechanganyika hakuna ukoo utakaonikataa. Sitadanganya, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kuandika mipango ambayo wengine huiweka kwenye kabati. Mume wangu alisema niamue mwenyewe. Mama, ambaye sasa haoni vizuri, alisema kiti si kitu kibaya ila kina miiba chini. Niliwaambia wanipe muda.

Nikiwa bado sijawajibu, Daktari akapiga simu. Alikuwa na mkutano Nairobi na alitaka kuja Isiolo siku mbili. Nilipompokea nilimtambua kwa mwendo, sura ilikuwa imebadilika. Ndevu zote nyeupe, na koti lilimpwaya mabegani. Mama alimpapasa uso, akamwambia amekonda, na anjera alikula moja tu.

Tulikaa barazani. Hakungoja nimuulize. Alisema karatasi ya kufunga masoko ililetwa mezani kwake asubuhi, kabla hajanywa chai. Watu wa usalama walikuwa na sababu, na sababu zao zilikuwa za kweli. Kulikuwa na vijiji vilivyochomwa. Alijua wafugaji wengi walikuwa njiani kuelekea masoko yale. Alijua hilo kuliko mtu yeyote katika serikali ile. Aliomba siku tatu ili waliokwisha kuanza safari wafike na kuuza. Akaambiwa hakuna siku tatu. "Nilikuwa na kalamu hatimaye," akasema. "Nikatia sahihi."

Nikamuuliza kama angeweza kukataa. Akasema angeweza, na mwingine angetia sahihi mchana huohuo. Akasema ameirudia hesabu hiyo mara nyingi na kila mara jibu ni lile, lakini ng'ombe walikufa vilevile. Kisha akaniomba nimpeleke Gotu kwa Akko. Alitaka kumwomba msamaha kwa ushauri wake. Hao wa kwao, alisema, ni wengi mno, hajui aanzie wapi. Pengine aanze na mmoja.

Kusema kweli sikutaka. Nilitafuta visingizio: barabara mbaya, joto, mama anatuhitaji. Akasimama kutafuta viatu vyake. Tukaenda.

Akko alikuwa amezeeka sana. Tulimkuta amekaa mlangoni kwa binti yake, akisafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi, na moshi ulikuwa umemfunika hadi kiunoni. Binti yake alituletea viti vya plastiki. Salamu zilichukua muda, za watu kwanza, kisha za mvua, kisha za mifugo. Ndipo Daktari akaanza. Alizungumza kwa Kiswahili chake, akachanganyikiwa, akahamia Kiingereza. Alisema yeye ndiye aliyewaambia wauze mapema, na kwamba mtu anayetoa ushauri bila kujua nani ana ufunguo hafai kuitwa mtaalamu. Alisema amekuja kuomba radhi kwa wale ng'ombe watano.

Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuongeza kitu.

Akko alimaliza kibuyu alichokuwa nacho mkononi, akakiweka chini. Hakumtazama Daktari. Alinitazama mimi.

"Huyu mgeni sikumsikia siku ile," akasema. "Sijui lugha yake. Nilikusikia wewe. Nilikuuliza soko likijaa itakuwaje, ukasema soko litatungoja."

Daktari akaniuliza amesema nini. Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kutafsiri, najua jinsi ya kuyapitisha maneno pembeni yasimguse mtu. Ningeweza kusema amesamehe, au amesema ni mapenzi ya Mungu. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa binti wa Akko aliyekuwa amesimama pale na aliyesoma shule. Lakini si kwa ajili ya binti yule. Nilikuwa tu nimechoka kulibeba neno lile. Nikamtafsiria yote, swali na jibu, na nikamwambia kwamba jibu lile hakulitoa yeye, nililitoa mimi, na sikumwambia.

Nilidhani atakasirika. Miaka yote ile alikuwa anaomba msamaha moyoni kwa neno ambalo hakulisema, na kwa neno hilo aliacha kazi yake, akaingia siasa, akafika pale kwenye kalamu. Nilimwona akianza kuyapanga mambo hayo upya usoni. Kisha akasema, polepole, "Ungeniuliza, ningekujibu vilevile."

Sijui kama ni kweli. Nilimtafsiria Akko.

Nami nikashuka kwenye kiti nikakaa chini mbele yake, nikamwomba msamaha kwa Kiborana, kwa maneno yangu mwenyewe. Nililia kidogo, si sana. Akko akasema alijua siku ileile kwamba yalikuwa yangu, kwa sababu mgeni hakuwa amefungua mdomo. Akasema hakuniambia kitu kwa sababu aliniona nikiwainua wale ng'ombe pamoja naye mpaka mikono ikachubuka, na aliona inatosha. Kilichomshangaza, akasema, ni kwamba baada ya pale sikukanyaga Gotu tena. "Ulikuja na gari la wageni. Gari lilipoondoka na wewe ukaondoka." Kisha akamwambia binti yake alete maziwa.

Tulipokuwa tunarudi mjini nilimweleza Daktari habari za wale wanaume watatu na kile kiti. Nilitaka aniambie nifanye nini, kama zamani. Hakuniambia. Alisema nje ya ofisi ile alikuwa anaona kila kitu na hawezi lolote, na ndani aliweza kidogo na akaacha kuona, na hajui hadi leo ni lipi lilimmaliza zaidi. Alisema siku ya kwanza ya uwaziri alilia kwa furaha. Alisema barabara moja aliyoipigania bado ipo na watu wanaipita. Halafu akafunga macho, na nusu ya safari sikujua kama amelala.

Aliondoka kesho yake asubuhi. Wiki hiyohiyo niliwajibu wale wanaume kwamba sitasimama. Walidhani naogopa, na mmoja akasema wanawake wa huku tunapewa mlango tunakataa kuingia. Pengine anasema kweli. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba kabla ya kiti nina deni Gotu. Walimpata mwingine, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hunisalimu vizuri.

Kazi yangu ninayo bado. Mipango bado naiandika. Kitu kimoja tu kimebadilika: mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, napanda boda hadi Gotu, bila gari la ofisi wala fomu ya kujaza. Nawaambia bei ya Isiolo ilivyo, soko gani limefunguliwa, ugonjwa gani umesikika na wapi. Wakiniuliza nisichokijua nasema sikijui. Mwanzoni walinisikiliza watatu au wanne, kwa adabu tu. Sasa wamezidi kidogo. Mgongo unaniuma siku mbili kila nikitoka kule, na mume wangu huniuliza nalipwa na nani.

Akko alifariki kabla ya mfungo. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kuzika.

Daktari sasa anafundisha chuo kidogo katika mji aliozaliwa. Alipiga simu Idd iliyopita, na mke wake ndiye aliyezungumza kwanza, akaniambia ameacha kusoma magazeti na analala mchana kama mtoto. Aliposhika simu mwenyewe nilimwambia habari za Akko, akamwombea rehema. Halafu nikamwambia mvua imeanza kunyesha upande wa Kinna.

Akauliza kama ni ya kutosha. Nikamwambia hatujui bado.